Habari za Maktaba na Vitabu vya Maarifa

Wasomaji wetu, leo twapenda kueleza habari za maktaba, yaani nyumba ya vitabu vya watu wote. Na hasa twataka kunena juu ya vitabu vya maarifa, ambavyo watu wengi hupita mbele yake bila kuvitazama. Mtu akiulizwa maktaba ni ya nani, mara nyingi hujibu kwamba ni ya wanafunzi wanaongoja mtihani. Jibu hilo si la kweli, nalo limewanyima wengi faida. Mkulima, mfugaji, fundi cherehani, mchuuzi wa sokoni, mama mwenye watoto wadogo, na mjane mwenye shauri la shamba, wote hao ni wenyewe wa nyumba ile.

Vitabu vya maktaba ni vya namna mbili. Namna ya kwanza ni vitabu vya hadithi, navyo vyafaa sana, kwa maana humfurahisha msomaji na kumfundisha tabia za wanadamu. Namna ya pili ni vitabu vya maarifa, ambavyo hueleza mambo yaliyo kweli: jinsi ya kupanda mahindi, jinsi ya kutunza kuku, sababu za homa, sheria za nchi, mapishi, ujenzi, hesabu za biashara, na habari za watu wa zamani. Kitabu cha hadithi husomwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kitabu cha maarifa si lazima kisomwe hivyo; mtu mwenye haja huweza kufungua kurasa tatu tu zinazomhusu, akapata jibu lake, akakirudisha.

ASILI YA MAKTABA ZETU

Yafaa tukumbuke kwamba milango hii haikuwa wazi sikuzote. Maktaba ya McMillan iliyo katikati ya mji wa Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwafrika aliyejua kusoma aliweza kuipita kila siku njiani asiingie. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1958, na mwaka 1962 nyumba hiyo ikawekwa mikononi mwa Baraza la Mji.

Mwaka 1948 iliundwa East African Literature Bureau, ofisi iliyokuwa na kazi ya kutoa vitabu kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1950 ofisi hiyo ilipeleka masanduku ya vitabu katika miji na vijiji, na kuwaazima wasomaji wa mbali vitabu kwa njia ya posta. Tanganyika ilipokwisha kupata uhuru, sheria ya mwaka 1963 iliweka Bodi ya kuendesha maktaba za nchi, na tarehe 9 Desemba 1967 Rais Julius Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Toka hapo maktaba zimeenea katika miji ya mikoa mingi na katika baadhi ya wilaya. Kenya nayo iliweka Bodi yake kwa sheria ya mwaka 1965.

Basi mlango uliokuwa umefungwa sasa u wazi. Itakuwa hasara kubwa tukijifungia wenyewe kwa kudhani kwamba si wetu.

JINSI YA KUTAFUTA KITABU

Mgeni akiingia maktabani huona rafu nyingi na namba ndogo mgongoni mwa kila kitabu, akafadhaika. Namba hizo hazikuwekwa kwa ajili ya wenye kazi tu. Ni ramani ya msomaji. Ziliandikwa kwa mpango alioutoa Melvil Dewey wa Marekani mwaka 1876, nao watumika katika maktaba nyingi za dunia. Maarifa yote yamegawanywa katika mafungu kumi, toka 000 hata 900, na kila fungu lina matawi yake.

Twataja machache yenye manufaa kwa watu wa shamba na wa mjini. Sheria ziko katika 340. Tiba na afya ziko katika 610. Kilimo kiko katika 630. Mifugo katika 636, na kuku wana mahali pao katika 636.5, nyuki wako katika 638. Mambo ya nyumbani yako katika 640, mapishi katika 641, na ushonaji katika 646. Uandishi wa hesabu za biashara uko katika 657. Historia iko katika 900, na habari za Tanzania zapatikana katika 967.8.

Kuna jambo moja linalowapoteza wengi, nalo ni nukta. Namba 633.15 ni ya mahindi, na 633.18 ni ya mpunga. Vitabu hivyo hukaa jirani. Lakini 633.2 huja baada ya zote mbili, ingawa 2 ni ndogo kuliko 15, kwa maana tarakimu zilizo baada ya nukta husomwa moja moja toka kushoto. Mwenye kulijua hilo hatazunguka bure. Tena faida ya mpango huu ni kwamba ukikipata kitabu kimoja, ndugu zake wako kulia na kushoto kwake. Vitazame navyo, huenda vikawa bora kuliko kile ulichokijia.

Na kama hukuona, uliza. Mtunza maktaba amewekwa pale kwa kazi hiyo. Wala usione haya kusema haja yako kwa maneno ya kawaida: “Kuku wangu wanakufa wakati wa kiangazi, nataka kujua sababu.” Swali la namna hiyo ni jema kuliko kutaja jina la kitabu usichokijua. Wazee wamesema, kuuliza si ujinga.

JINSI YA KUKIPIMA KITABU

Si kila kitabu kilichopigwa chapa chafaa kwa haja ya leo. Kabla ya kukiamini, tazama mambo matatu: nani aliyekiandika na kazi yake ni nini, kiliandikwa kwa ajili ya nchi gani, na kilitolewa mwaka gani. Mambo hayo huonekana katika kurasa za kwanza. Kisha tazama yaliyomo, na faharasa iliyo mwishoni, upate kujua kama jambo lako limo.

Mwaka wa kitabu si neno dogo, nasi tutatoa mfano. Wakulima wa Afrika Mashariki wanawajua tangu zamani viwavijeshi, wale waendao kwa makundi makubwa wakila majani njiani. Lakini mwaka 2016 alionekana barani Afrika kiwavi mwingine, mwenye asili ya nchi za Amerika, na kufika mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia katika mashamba yetu. Huyu huitwa kiwavijeshi vamizi. Hujificha ndani ya majani machanga yaliyo katikati ya mhindi, na kuacha kinyesi kama unga wa mbao. Dawa inyunyizwayo juu juu haimfikii. Huna budi kuielekeza pale ndani anapojificha, tena asubuhi mapema au jioni, wakati anapotoka kula.

Basi kitabu cha mahindi kilichotolewa mwaka 1985 chaweza kuwa kizuri kwa habari za nafasi ya kupandia, mbolea na kuhifadhi mbegu, lakini mdudu huyu hakimjui hata kidogo. Mkulima akisoma humo habari za viwavijeshi wa zamani, akafuata maneno yale kwa mdudu mgeni, atapoteza fedha na mavuno. Kwa mambo ya wadudu, ya dawa za wanadamu na ya sheria, tafuta kitabu kipya. Na baada ya kukisoma, peleka maneno yake kwa bwana shamba, kwa mganga wa zahanati, au kwa mwenye kujua sheria, upate hakika.

KITABU CHAWEZA KUOKOA MALI

Labda mtu atasema, maarifa ya vitabuni hayalishi watoto. Na tutazame shauri hili, ambalo latokea mara nyingi. Mwanamume amefariki, ameacha mke na watoto. Ndugu wa marehemu wanakuja, wanamwambia mjane kwamba kwa desturi mwanamke hana shamba, basi afungashe vyombo vyake. Mjane hajui neno la kujibu, anaondoka.

Lakini katika rafu ya sheria, kwa watu wa Tanzania bara, imo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo yasema kwamba haki ya mwanamke mtu mzima ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Tena yasema kwamba mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi haina nguvu. Kitabu hakitakwenda barazani badala ya mjane. Lakini akiyajua maneno hayo, au akipata mtu wa kumsomea, atakwenda mbele ya baraza la ardhi la kijiji akiwa na la kusema. Watoto wake hula kwa shamba lile. Basi nani atasema kwamba kurasa zile hazikuwalisha?

KAZI NYINGINE ZA MAKTABA

Maktaba si ghala ya karatasi. Nyingi zina chumba cha watoto, na katika baadhi yake watoto husomewa hadithi, nao wakazoea kitabu kabla hawajajua kukiogopa. Nyingine zina kompyuta na intaneti, mafunzo ya kuzitumia, vikundi vya kusoma, na mikutano ya kueleza mambo ya afya au ya biashara. Mambo hayo hayalingani kila mahali. Kwa hiyo ukifika, soma ubao wa matangazo, na uulize siku na saa. Uliza pia ada ya kujiandikisha na masharti ya kuazima.

Mahali ambapo watu hawawezi kuifikia maktaba, maktaba yenyewe yaweza kuwafikia. Huko Garissa, kaskazini mashariki ya Kenya, tangu mwaka 1996 vitabu vimepelekwa kwa ngamia kwa jamaa za wafugaji wanaohama pamoja na mifugo yao, na hema hupigwa wasomaji wapate kivuli. Uganda, huko Nakaseke, mwaka 1997 ilianzishwa nyumba yenye vitabu pamoja na simu na kompyuta kwa watu wa kijijini. Na baadaye yakaletwa mafundisho ya sauti na picha kwa wanawake wasiojua kusoma, ya jinsi ya kujipatia fedha kwa kazi za mikono yao. Na Nairobi, maktaba ile ya McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara zimepata wahudumu wapya, kwa kuwa shirika la wananchi liitwalo Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, limepatana na serikali ya jiji kuzitengeneza na kurudisha watu ndani yake.

KITABU KIMOJA, KIJIJI KIZIMA

Twajua kwamba wasomaji wetu wengi hukaa mbali na mji, na nauli si kitu chepesi. Lakini mtu mmoja akienda mjini kwa shughuli zake aweza kuazima kwa niaba ya wengi. Twashauri hivi. Watu kumi au kumi na wawili wakutane, wachague jambo moja linalowasumbua wakati ule. Mmoja aliyejiandikisha maktabani akatafute kitabu cha jambo hilo. Wakutane jioni mara moja kwa juma. Mwenye kusoma vizuri asome kwa sauti kurasa chache, kisha waulizane: je, kwetu mambo ni hivi? Na juma hili tutafanya nini? Mwingine aandike katika daftari yale waliyoamua. Kitabu kitunzwe katika kitambaa kisafi, na kirudishwe kwa siku yake, kwa maana kitabu kinachokaa nyumbani mwa mtu mmoja mwaka mzima kimenyang'anywa wengine mia.

Hili si neno geni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapata milioni 2 katika vikundi vya Tanzania; wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao vidogo pamoja, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani yaliyoizunguka nyumba. Wengi wao walikuwa hawajui kusoma, lakini waliketi karibu na ajuaye. Somo halikuishia masikioni. Lilifika hata kwenye jembe.

Basi wasomaji wetu, yatupasa kufanya mambo mawili. Kwanza, kila ajuaye kusoma aingie katika maktaba iliyo karibu naye angalau mara moja, atafute rafu ya kazi yake mwenyewe, atazame vitabu vitano. Pili, asipokiona kitabu anachokihitaji, au akikuta kilichomo ni cha kale mno, amwambie mtunza maktaba, na ikiwezekana aandike barua. Rafu isiyoguswa na mtu hudhaniwa kuwa haitakiwi, na fedha za vitabu hupelekwa penginepo; lakini maktaba inayosumbuliwa kwa maswali kila siku hujulikana kuwa ina wenyewe.