Sadaka Isiyouliza Dini: Wakristo na Wahitaji wa Pwani ya Kilwa

Katika pwani hii ya kusini, ambako ghuba ya Kiswere imepenya nchi kavu baina ya Kilwa na Lindi, na ambako watu huishi kwa uvuvi, kwa mihogo na kwa ufuta, aghalabu ya wakazi ni Waislamu tangu zama za masultani wa Kilwa Kisiwani, na Mkristo akiwako huwa ni mwalimu, mhudumu wa zahanati, askari au mfanyabiashara aliyetoka bara. Kwa sababu hiyo, swali la namna Wakristo wanavyopaswa kuwasaidia wenye njaa, wagonjwa na waliobomolewa nyumba na maji lina sura yake mahsusi huku: mhitaji ni jirani asiyesali pamoja nao, na kila anachopewa chaweza kudhaniwa kuwa ni chambo. Mimi naamini ya kwamba shaka hiyo haiondolewi kwa maneno, hata yawe matamu namna gani. Huondolewa na mtu akaaye miaka mingi akitenda wema uleule bila ya kudai malipo.

Historia ya kusini inayo mifano. Mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA aliwaongoza watumwa walioachwa huru, akatoka nao Unguja kwa bahari hadi Lindi, na kutoka hapo kwa miguu hadi Masasi, maana watu waliovuliwa minyororo walihitaji kwanza ardhi ya kulima na mahali pa kulala kabla ya jambo lingine lolote. Baada yao Wabenediktini wakajenga Nyangao na Ndanda, na hospitali zao mbili za huko mpaka leo hupokea wagonjwa wa kila dini. Mwaka 1935 akafika daktari Leader Stirling, akapasua wagonjwa kule Lulindi katika majengo duni kabisa, baadaye akahamia Mnero kwa Wabenediktini, na mwaka 1975 Rais Nyerere akamteua kuwa Waziri wa Afya wa taifa hili. Lililo kubwa kwangu katika maisha yake si uwaziri. Ni kwamba aliwafundisha vijana wa mahali pale kazi ya uuguzi, hivi kwamba msaada haukufungwa katika mikono yake peke yake.

Lakini mfano uliofanana zaidi na hali ya Kiswere uko kaskazini kidogo, katika bonde la Rufiji. Huko Kindwitwi, kijiji cha watu waliopatwa na ukoma, alihamia Kanoni Robin Lamburn katika miaka ya 1960, kasisi aliyekuwa amekwisha kufanya kazi kusini kwa muda mrefu, na ambaye angaliweza kurejea Uingereza kupumzika. Wengi wa wanakijiji walikuwa Waislamu, naye hakuwataka wawe kitu kingine ndipo wahudumiwe. Ifahamike ya kwamba ukoma huua neva, mtu akakanyaga mwiba au kushika sufuria ya moto asisikie maumivu, na kidonda kisichosikika ndicho kimlacho vidole. Dawa za mseto, zitolewazo bure ulimwenguni tangu mwaka 1995, huua vijidudu kwa miezi 6 au 12, ila hazirudishi kidole wala neva iliyokwisha kufa. Basi aliyepona bado ahitaji viatu laini, mtu wa kumtazama nyayo kila siku na kuziloweka majini, shamba alimudulo, na shule ya watoto wake ambao ulimwengu huwaogopa bure. Hayo si matendo ya kupigiwa picha. Ni ya kila siku, na ndiyo yampatiayo mtu heshima yake.

Tazama sasa dhiki za leo. Januari 2020 mafuriko yaliwaondosha maelfu ya watu majumbani mwao katika mkoa wa Lindi, na mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani, mvua zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, mikoa ya kusini ikatengwa. Nyakati kama hizo shehena za nguo na unga huja kwa wingi, kisha hukoma. Ilhali njaa kali huweza kuja baadaye, maji yakiwa yamekwisha kupungua, shamba limesombwa na mavuno mengine yako mbali. Kikundi cha Wakristo chenye fedha kidogo kitafanya jema kubwa kikiweka sehemu ya sadaka yake kwa miezi hiyo iliyosahauliwa, kinunue mbegu na jembe, na kabla ya kununua chochote kiwaendee mwenyekiti wa kijiji na imamu wa msikiti, maana hao ndio waijuao nyumba ya mjane asiyejitokeza kuomba.

Liko na jambo la nauli, ambalo wengi hulidharau. Mgonjwa wa Kiswere akishindwa kutibiwa katika zahanati, hospitali iko Kinyonga, Kilwa Kivinje, au Sokoine, mjini Lindi. Na mama mwenye uchungu wa uzazi asiye na pesa ya gari hatafaidika na daktari bingwa aliye mbali naye. Waraka wa Yakobo unamkemea waziwazi amuagaye mhitaji kwa maneno ya heri bila ya kumpa kitu cha mwili, na injili ya Mathayo inaagiza sadaka itolewe kwa siri. Sioni tendo litimizalo yote mawili vizuri kuliko kumlipia mgonjwa nauli ya kwenda na kurudi.

Enyi wazee wa makanisa ya Lindi, Nangurukuru na Kilwa Masoko, fungueni daftari la nauli na la mbegu, mwekeni mtu mwaminifu wa kulitunza, hesabu zisomwe mbele ya wote, na jina la dini ya mpokeaji lisiandikwe humo kamwe.