Uvira: Namna ya kutoa piloti ya grafiki bila kupoteza kazi za watu

Ilikuwa saa nane mchana, karibu na mpaka wa Kavimvira. Nilikuwa nimeketi kwenye kibanda cha kuchapa karatasi nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwa mwanafunzi mmoja, na kazi yake ya mwisho wa masomo, ile TFC, ilikuwa wazi kwenye ordinateri. Kioo kilikuwa kinayumba-yumba na kuonyesha mistari. Kijana wa kibanda akaamua kuondoa piloti ya zamani ya grafiki ili aweke mpya. Alibonyeza mara moja tu. Kioo kikawa cheusi, mashine ikaganda. Alipoizima kwa nguvu na kuiwasha tena, kurasa sita za mwisho za mwanafunzi hazikuwepo.

Mwanafunzi alimlaumu kijana, kijana akailaumu mashine, na sisi wengine tukaulaumu umeme kama kawaida yetu. Lakini siku hiyo umeme haukukatika. Kuondoa piloti pia halikuwa kosa, maana ilikuwa imechoka kweli. Kosa ni kwamba iliondolewa huku bado imeshika vitu vya watu.

Kisa kama hiki hakitawashangaza wakaaji wa mji. Watu wengi wa Uvira hawana ordinateri nyumbani. Wanategemea vibanda vya kuchapa na kupiga fotokopi: mwanafunzi kwa TFC, mwalimu kwa maswali ya mtihani, mfanyabiashara anayevuka kwenda Bujumbura kwa karatasi zake, na raia yeyote kwa kadi yake ya mpiga kura, ambayo kwetu ndiyo inayotumika kama kitambulisho. Mashine nyingi ni za mkono wa pili. Kioo kikianza kusumbua, dawa ya kwanza ni kutoa piloti na kuweka nyingine. Ni dawa nzuri, ila ina masharti yake.

Piloti inakopa, kisha inadaiwa

Piloti ni programu inayokaa kati ya mfumo wa mashine, kama Windows au Linux, na kadi ya grafiki, ile sehemu inayochora kila kitu tunachokiona kwenye kioo. Programu ya kuandikia haijui lugha ya kadi. Inaomba herufi ichorwe, na piloti ndiyo inayofikisha ombi hilo kwa namna ambayo kadi inaielewa.

Ili ifanye kazi hiyo, piloti inakopa vitu vingi kwa mfumo. Inapewa sehemu ya kumbukumbu ya mashine ya kuwekea picha. Inapewa njia ya kuzungumza na kadi. Inaandikisha namba ya kuamshwa kila mara kadi inapomaliza kazi. Inaiwashia kadi umeme. Zaidi ya hayo, inaifungulia mlango kila programu inayotaka kuchora: ya kuandikia, ya intaneti, ya kutazama video. Zote zinakuwa na kitu mkononi ambacho kimetoka kwa piloti.

Siku ya kuondoka, madeni hayo yote yanatakiwa kulipwa. Hapo kuna makosa matatu ambayo wahandisi wanayaogopa.

La kwanza ni kurudisha mapema mno. Mfikirie mwenye nyumba anayempangisha mtu mpya chumba wakati mpangaji wa zamani bado ana ufunguo. Yule wa zamani ataingia usiku akidhani ni kwake, na ugomvi utazuka. Ndani ya mashine, programu ya zamani inagusa kumbukumbu ambayo imeshapewa mwingine. Mara nyingi mashine inaanguka papo hapo. Wakati mwingine haianguki, na hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu mwizi anayejua mambo hayo anaweza kuutumia mlango huo kuingia.

La pili ni kutorudisha kabisa. Kumbukumbu inabaki imeandikwa jina la mtu aliyekwisha kuondoka. Mashine haianguki, ila inakuwa nzito kila piloti inapotolewa na kurudishwa, hadi iwashwe upya.

La tatu ni kuisahau kadi yenyewe. Kadi ya grafiki inaweza kuandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia mahali pengine. Kama haikuamriwa kusimama kabla kumbukumbu haijatolewa kwa mwingine, itaendelea kuandika juu ya kazi ya mtu asiyehusika.

Makosa haya yanaumiza kuliko ya programu za kawaida kwa sababu sehemu muhimu ya piloti inafanya kazi kwenye kiini cha mfumo. Programu ya muziki ikikosea, inajifunga peke yake. Kiini kikikosea, mashine nzima inalala. Dunia ililiona jambo hilo tarehe 19 Julai 2024, faili moja mbovu ya kampuni ya ulinzi CrowdStrike iliposomwa na programu iliyo kwenye kiini cha Windows. Haikuwa piloti ya grafiki, lakini ilikaa kwenye kiini hichohicho. Mashine zipatazo milioni 8.5 zilianguka, na ndege zikakwama kwenye viwanja vya nchi nyingi.

Kama boti inayoshusha Kalundu

Aliyewahi kushuka boti kwenye bandari ya Kalundu akitokea Baraka au Kalemie anaujua utaratibu. Kwanza watu wapya wanazuiwa kupanda. Kisha waliomo wanashuka, hata kama wengine wanachelewa na mizigo yao. Injini inazimwa. Mzigo unatolewa kuanzia ule uliopakiwa mwisho, kwa sababu ndio uko juu. Ubao wa kushukia hauondolewi wakati mtu bado yuko juu yake.

Piloti nzuri inafuata utaratibu huohuo. Inaanza kwa kutangaza kwamba kifaa kimeondoka, ili ombi lolote jipya lijibiwe kwa kukataliwa, si kwa ukimya. Inawasubiri wale waliokuwa katikati ya kazi wamalize. Inazima kioo na kuisimamisha kadi. Kisha inarudisha ilivyokopa kwa kurudi kinyumenyume, kilichochukuliwa mwisho kikitangulia.

Sehemu ngumu ni kwamba kuna maisha mawili yasiyoisha pamoja. Kifaa kinaweza kuondoka ghafla, kwa mfano mtu akichomoa adapta ya USB inayopeleka picha kwenye projekta. Kwa kifaa hicho, njia na umeme vinatakiwa kurudishwa sasa hivi. Lakini programu iliyokuwa inakitumia bado iko hai, na bado imeshika daftari la piloti. Daftari hilo haliwezi kuchanwa hadi programu ya mwisho ifunge mlango. Kwa hiyo mfumo unahesabu: kila anayefungua anaongeza moja, kila anayefunga anapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, ndipo daftari linatupwa.

Waandishi wa Linux wamelihangaikia jambo hili kwa miaka. Mwaka 2012 Dave Airlie, msimamizi wa sehemu ya grafiki ya Linux, aliongeza njia ya kutangaza kwamba kifaa kimechomolewa, hasa kwa ajili ya vioo vinavyounganishwa kwa USB. Mwaka 2020 Daniel Vetter aliingiza utaratibu ambao kila kitu kinachokopwa kinafungwa moja kwa moja kwenye maisha ya daftari hilo, ili kirudishwe chenyewe na kwa mpangilio sahihi, bila kumtegemea mwandishi wa piloti akumbuke. Mtu anaweza kusahau, hata akiwa fundi mkubwa. Ndiyo sababu waliamua kazi ya kukumbuka ifanywe na mfumo.

Kinachobaki nyuma

Kurudisha chumba ni jambo moja, kukifagia ni jambo lingine. Januari 2024 watafiti wa kampuni ya Marekani Trail of Bits walitangaza tatizo walilolipa jina LeftoverLocals. Walionyesha kwamba kwenye baadhi ya kadi za grafiki za Apple, AMD, Qualcomm na Imagination, programu moja iliweza kusoma mabaki ambayo programu nyingine iliyaacha kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani ya kadi. Chumba kilikuwa kimerudishwa, lakini karatasi za mpangaji wa kwanza zilibaki sakafuni. Dawa yake ilikuwa kufagia: kujaza sifuri mahali hapo kabla ya kumkaribisha mwingine, na kampuni zinapeleka dawa kama hiyo kupitia piloti mpya na masasisho ya mfumo.

Kwa kibanda cha Uvira, hatari iliyo karibu zaidi ni nyepesi kuielewa. Kadi ya mpiga kura iliyoskaniwa asubuhi bado iko kwenye ordinateri jioni, mbele ya macho ya kila mteja. Kutoa piloti hakufuti faili hizo. Anayeuza mashine yake ya zamani akidhani kuitoa piloti ni kuisafisha, anauza pia karatasi za wateja wake.

Kibandani ufanye nini

Hatua zifuatazo hazihitaji franga yoyote, isipokuwa moja.

Kwanza, hifadhi kazi zote zilizo wazi, funga kila programu, na uweke nakala kwenye flashi. Programu zikifungwa, hesabu ya mfumo inashuka, na piloti inaondoka bila kuburuta mtu. Kama mteja yuko katikati ya kazi, mwambie asubiri au umalize naye kwanza.

Pili, pakua piloti mpya kabla ya kutoa ya zamani, na uiweke kwenye flashi hiyohiyo. Chagua ile ya kampuni iliyotengeneza kadi au mashine. Unapoitoa ya zamani, kata intaneti kwanza, kwa sababu Windows inaweza kuleta piloti nyingine yenyewe wakati bado unahangaika.

Tatu, tumia njia ya mlangoni. Kwenye Windows ya Kifaransa, fungua Gestionnaire de périphériques, chagua kadi ya grafiki, kisha uiondoe hapo. Usifute faili za piloti kwa mkono. Baada ya hapo kioo kinaweza kuonyesha picha kubwa-kubwa zisizo nzuri. Usiogope, Windows imeweka piloti yake ya msingi ili usibaki gizani.

Nne, mashine ikikuomba kuiwasha upya, kubali. Mara nyingi maana yake ni kwamba bado kuna kitu kilichoshikiliwa, na kuwasha upya ndiyo njia ya uhakika ya kukiachilia.

Tano, kioo kikiwa cheusi, usikimbilie kitufe cha kuzima. Kadi isipojibu kwa sekunde 2, Windows yenyewe inajaribu kuianzisha upya pamoja na piloti yake. Kwenye Windows 10 na 11 unaweza pia kubonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B, na grafiki inaanzishwa upya bila kuzifunga programu zako. Pengine kurasa za yule mwanafunzi zingeokolewa hapo.

Sita, maliza kuonyesha picha kabla ya kuchomoa adapta ya projekta. Hii ni kwa walimu, wachungaji na wenye kumbi za sherehe.

Hatua inayogharimu pesa ni umeme. Umeme wetu unaotoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi hukatika bila kumuaga mtu, na ukikatika katikati ya kutoa piloti, hakuna utaratibu wowote uliofika mwisho. Mashine inaweza kuamka na nusu ya piloti ya zamani na nusu ya mpya. Kazi hii ifanyike kwenye laptopu yenye batri iliyojaa, au kwenye onduleri, kile kisanduku cha batri kinachoishikilia mashine kwa dakika chache. Kama huna kimojawapo, ngoja.

Mafuta mazito kwenye injini

Ziwa letu lina mfano wa watu walioondoka vizuri hata wakiwa wameshindwa. Julai 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani waliokuwa wanakimbia Kigoma waliamua kuizamisha wenyewe meli yao kubwa, Graf von Götzen, ili isichukuliwe na maadui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka injini mafuta mazito ili isiliwe na maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka chini ya ziwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilibeba watu na mizigo ya Tanganyika kwa miaka mingi baada ya hapo.

Mafundi wale walikuwa na kila sababu ya kuondoka kwa haraka, lakini walimfikiria atakayekuja baadaye. Kijana wa kibanda cha Kavimvira hakuwa na vita nyuma yake. Alihitaji dakika tano tu za kuuliza: nani bado ana kazi wazi kwenye mashine hii?

Nilirudi pale wiki iliyofuata kupiga fotokopi. Juu ya mashine palikuwa pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu: "Hifadhi kazi yako kwanza." Na mwanafunzi yule alikuwa ameshaziandika upya kurasa zake sita, safari hii akihifadhi kila baada ya aya moja.