Leeds na Fedha za Msimu Ambao Haujafika

Mei 2001 Leeds United ilicheza nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Valencia. Mei 2004 ilishuka daraja, na kabla mwaka huo haujaisha ikauza uwanja wake wa Elland Road. Kilichoiangusha ni hesabu.

Chini ya mwenyekiti Peter Ridsdale, klabu ilikopa takriban pauni milioni 60 kwa dhamana ya viingilio vya miaka ijayo. Bajeti ikapangwa kana kwamba timu ingecheza Ligi ya Mabingwa kila mwaka. Msimu wa 2000/01 ikamaliza ya nne, pointi moja nyuma ya Liverpool iliyochukua nafasi ya mwisho ya England katika mashindano hayo. Msimu uliofuata ikawa ya tano. Fedha za Ligi ya Mabingwa zikakatika; mishahara na riba vikabaki palepale.

Ikabidi kuuza. Rio Ferdinand alikwenda Manchester United mwaka 2002, wakafuata Robbie Keane, Robbie Fowler na Jonathan Woodgate. Mwenye shida hapangi bei. Kikosi kilipodhoofika, matokeo yaliharibika, na mapato yakazidi kushuka.

Mzigo wa usajili huchelewa kuonekana kwa sababu ada ya uhamisho haiingizwi vitabuni kwa mkupuo. Mchezaji wa pauni milioni 50 mwenye mkataba wa miaka mitano huandikwa kuwa gharama ya milioni 10 kwa mwaka. Klabu yaweza kusajili watano wa aina hiyo na mwaka wa kwanza vitabu vikaonyesha milioni 50 tu, ilhali imejifunga kwa milioni 250, mbali na mishahara. Mkataba ukirefushwa, gharama ya mwaka hupungua zaidi. Januari 2023 Chelsea ilimsajili Mykhailo Mudryk kwa miaka minane na nusu. Mwaka huohuo UEFA ikaamua kuwa ada isigawanywe kwa zaidi ya miaka mitano.

Ligi Kuu ya England nayo iliweka kikomo cha hasara: pauni milioni 105 kwa miaka mitatu. Everton ilikivuka, na Novemba 2023 ikapokonywa pointi 10, zilizopunguzwa kuwa sita baada ya rufaa. Lakini adhabu ya namna hiyo huja hasara ikishatokea.

Kinga huanzia kwenye mkataba wa mchezaji. Klabu makini huweka mshahara wa msingi unaolipika hata msimu ukiwa mbaya, huongeza posho timu ikifuzu Ulaya, na huandika kipengele cha kupunguza malipo ikishuka daraja. Wakala atalalamika, na pengine nyota mmoja atakwenda kwingine. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya Leeds: ilishuka hadi daraja la tatu mwaka 2007, na haikurudi Ligi Kuu hadi 2020.