Nganda si baa: kulitafutia neno pabu tafsiri ya Kamituga

Kamusi nyingi za Kiingereza na Kiswahili hulitafsiri neno pabu kuwa baa, na baadhi huongeza kilabu. Kwa mwanafunzi anayetafsiri akiwa na haraka, hilo linatosha. Kwa mtu aliyekulia Kamituga halitoshi, kwa sababu kwetu nyumba za kunywea ni za namna kadhaa, kila moja ina jina lake, wateja wake na saa zake, na anayezitia zote katika neno moja anaweza kumwumiza mtu asiye na kosa. Nitaeleza kwanza pabu ni nini kwa Waingereza wenyewe, kisha nitazipitia nyumba za kwetu, ili msomaji aone neno gani linafaa wapi.

Pabu ni kifupisho cha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya nyumba ya watu wote. Neno la kushika hapo ni nyumba. Uingereza ya zamani, kupika bia ilikuwa kazi ya nyumbani, na mara nyingi kazi ya wanawake. Mama aliyepika kuliko mahitaji ya familia yake alisimamisha mti wenye majani mbele ya mlango, majirani wakajua bia imeiva, wakaja kukaa humo humo ndani mwake. Baadaye ikawa biashara yenye vibali na kodi. Sheria ya mwaka 1830 ilimruhusu karibu kila mlipa kodi auze bia nyumbani kwake kwa kulipa gini mbili tu, na katika miaka michache makumi ya maelfu ya nyumba za namna hiyo yalifunguliwa. Viwanda vikubwa vya bia navyo vikaanza kuzinunua nyumba hizo, na mpangaji akalazimika kuuza bia ya mwenye nyumba peke yake. Hali hiyo ilienea hata serikali, mwaka 1989, ikaviwekea viwanda vikubwa mpaka wa idadi ya pabu vinavyoweza kumiliki.

Pamoja na mabadiliko hayo, umbo la nyumba lilibaki: vyumba vidogo, moto wakati wa baridi, viti ambavyo kila mzee anajua kipi ni chake. Ukiingia, usikae ukingoje kuhudumiwa. Unakwenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba glasi yako ya painti, yaani mililita 568. Marafiki hununuliana kwa zamu, na mtu anayekunywa za wenzake halafu akaondoka kabla ya zamu yake kufika husemwa. Kipengele hiki cha mwisho sikuhitaji kukieleza kwa mtu yeyote wa Kamituga.

Anayetaka kuijua pabu kwa maandishi asome insha fupi ya George Orwell, “The Moon Under Water”, iliyotoka katika gazeti la Evening Standard la London mnamo Februari 1946. Orwell anaisifu pabu anayoipenda kuliko zote. Ndani mna utulivu wa kutosha watu kuzungumza. Hakuna redio wala piano. Wahudumu ni wanawake wa makamo wanaowajua wateja kwa majina. Kuna mikate yenye soseji ya maini, kome, jibini na achari, na ghorofani chakula kizima cha mchana. Nyuma kuna bustani ambako akina baba na akina mama hukaa na watoto wao. Karibu na mwisho anakiri kwamba pabu hiyo haipo popote: ameijenga kichwani kwa kuunganisha mazuri ya pabu mbalimbali. Mimi nilipoisoma nilijiuliza ningeijenga kwa mawe ya nyumba zipi za kwetu.

Kamituga ni mji wa dhahabu katika territoire ya Mwenga, kilomita kama 180 kusini-magharibi ya Bukavu kwa barabara ambayo mvua huigeuza tope. Kampuni ya MGL ya Wabelgiji ilichimba hapo enzi za ukoloni, SOMINKI ikaipokea mwaka 1976, na tangu vita vya 1996 uchimbaji umekuwa hasa mikononi mwa wachimbaji wadogo. Shimo lina bosi wake, na bosi huyo anaitwa PDG kama mkuu wa kampuni ya Kinshasa. Wanawake wanaotwanga mawe wanaitwa kwa Kifaransa cha kwetu twangeuses, kitenzi cha Kiswahili kilichovalishwa mkia wa Kifaransa. Mji unaozaa maneno namna hii hauwezi kukosa maneno ya pombe.

Nyumba ya kwanza ni ya kasiksi. Kasiksi ni pombe ya ndizi. Ndizi huvumbikwa siku kadhaa mpaka ziive na kulegea, hukamuliwa kwa majani mpaka maji yake yatoke, na maji hayo kabla hayajachacha ni mutobe, ambao hata mtoto hupewa. Yakichanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kufunikwa mahali penye joto, kwa siku moja au mbili yanakuwa kasiksi. Muuzaji ni mama, na mahali ni uani kwake: benchi, paa la bati, jirani zake. Wanaokuja ni wazee, mafundi, akina mama wanaotoka shambani. Muziki ni nadra. Kuna mazungumzo ya ndoa, ya mashamba, ya nani amefiwa, na pombe hiyo hiyo ndiyo inayopelekwa ukweni na matangani. Msomaji atakuwa ameshamkumbuka yule mama wa Kiingereza aliyesimamisha mti wenye majani. Na asichanganye kasiksi na kanyanga, ambayo ni kali, imekenekwa, na hunywewa kwa kificho zaidi.

Nyumba ya pili ni nganda. Neno limetoka Kilingala, ambako kwanza lilikuwa kambi ya wavuvi. Huko Kinshasa lilihamia kwenye nyumba za bia na samaki ambazo wanawake wengi walizifungua katika viwanja vyao wenyewe, na kwetu naamini lilifika pamoja na muziki na Kilingala cha wanajeshi. Nganda ina chakula. Bila chakula haistahili jina. Kuna mbuzi wa kuchoma, makayabu, ndizi za kuchoma, bugali na sombe, pilipili pembeni, na sambaza zikifika kutoka ziwa la Kivu. Bia ni ya chupa, Primus hasa, ile chupa kubwa ya sentilita 72 ambayo watu wawili huweza kugawana bila aibu. Mteja hakai kaunta. Anakaa kwenye kiti cha plastiki, analetewa chupa, inafunguliwa mbele ya macho yake ili asiwe na shaka, na chupa tupu zinaachwa mezani mpaka mwisho kwa ajili ya kuhesabiwa. PDG ambaye shimo lake limetoa hununulia timu nzima. Shimo likinyamaza, mama wa nganda anaandika madeni kwenye daftari, na hapo ndipo unapojua nani ni mteja wa kweli.

Kama pabu, nganda nayo ina mkono wa kiwanda nyuma yake. Primus ilianza kupikwa Kinshasa, enzi hizo Léopoldville, mwaka 1926, na Bralima, kampuni inayoipika, ilikuwa kwa miaka mingi tawi la Heineken ya Uholanzi. Ukuta uliopakwa rangi za Primus, viti na meza zenye jina la bia, vyote vinakwambia nani ana neno. Mfanyabiashara asiye na chupa tupu za kurudisha, zile tunazoziita vidanji, hapati kreti mpya. Februari 2025, Bukavu ilipotwaliwa na M23, kiwanda cha huko kiliporwa, na Juni mwaka huo Heineken ikatangaza kwamba imewaondoa wafanyakazi wake Goma na Bukavu kwa kuwa haikuwa tena na mamlaka juu ya vituo vyake. Mama wa kasiksi hana kiwanda cha kuporwa. Anahitaji migomba tu.

Nyumba ya tatu ni buati. Inafunguka usiku, ina taa za rangi, muziki unaokuzuia kusikia jina lako, na mara nyingi vyumba vya kukodi nyuma yake au jirani. Wachimbaji wenye pesa ya ghafla huenda huko, na wasichana wanaofanya kazi ya kuuza mwili hutafuta wateja huko. Siandiki haya ili kuwalaumu. Wengi wao wana watoto wa kulisha. Nasema tu kwamba kazi ya buati si kazi ya nganda, na wenyeji wanalijua hilo. Mzee anayekwenda nganda saa kumi na moja jioni na mkewe hawezi kuonekana buati saa sita usiku.

Hapo ndipo tafsiri inapoacha kuwa zoezi la darasani. Mnamo Septemba 2023 ugonjwa wa Mpox ulianza kuonekana Kamituga katika sura mpya ambayo wanasayansi baadaye waliipa jina la kladi Ib. Uliambukizwa sana kwa mgusano wa karibu wa miili, pamoja na ngono, na wagonjwa wengi wa mwanzo walihusishwa na nyumba za starehe. Mnamo 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa dharura ya kimataifa. Jina la mji wetu likazunguka dunia nzima, na katika ripoti za Kiingereza na za Kifaransa lilifuatana na neno moja: bar. Msomaji wa London akiliona neno hilo anafikiria kitu kilicho karibu na pabu yake, painti na soseji, naye anashangaa ugonjwa unapitaje hapo. Msomaji wa Kamituga anayeletewa neno hilo kwa Kiswahili, baa, anashangaa kwa namna nyingine: nyumba ipi?

Niliwahi kuona karatasi iliyobandikwa karibu na soko ikiwataka watu waepuke mabaa. Mama mmoja anayeuza kasiksi aliisoma pamoja nami, akauliza, “Sasa hapa kwangu ni baa?” Swali lake lilikuwa zuri kuliko karatasi. Kama jibu ni ndiyo, wazee wawili wanaokaa kwenye benchi lake wamewekwa fungu moja na buati, na yeye anakosa pesa ya shule ya watoto bila ugonjwa kuzuiwa hata kidogo. Kama jibu ni hapana, basi na mwenye buati naye anaweza kusema yake si baa, ni terasi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa mlangoni. Neno lisilo na mwenyewe kila mtu hulikwepa.

Kwa insha ya Orwell, mimi naandika nganda. Najua hoja ya wenzangu kwamba nganda ina kelele na pabu yake haina hata redio. Utulivu anaoutafuta uko zaidi kwenye benchi la kasiksi. Lakini Orwell anataka pia chakula, wateja wa kila siku, mhudumu anayekujua, na mahali ambapo familia inaweza kukaa. Vitu hivyo vinne kwa pamoja viko nganda. Kilabu nimelikataa mapema: Tanzania linaeleweka kama mahali pa pombe za kienyeji, lakini masikioni mwetu kilabu ni ya mpira kwanza. Pabu lenyewe, likiandikwa hivyo kwa matamshi yetu, linafaa pale tu mwandishi anapotaka msomaji asisahau kwamba yuko Uingereza.

Kuna neno dogo katika insha hiyo linaloonyesha gharama ya kukosea nyumba. Wahudumu wa Orwell huwaita wateja wote kwa neno la upendo, bila kujali umri wala jinsia. Kamusi inashawishi tuandike mpenzi. Mhudumu wa Kamituga akimwita mteja mpenzi, msomaji amehama nganda na kuingia buati bila mtafsiri kujua. Mama wa nganda humwita mwanamume papa, hata awe kijana wa miaka 20. Mwanamke ni mama. Na anayemjua tangu utotoni ni mwanangu. Upendo wa Orwell umo humo wote, na heshima ya mahali imebaki.

Kwa karatasi za afya neno la nyumba halitoshi hata likiwa sahihi, kwa sababu ugonjwa haukai kwenye kiti wala kwenye chupa. Ningeandika kitendo kwanza, kisha mahali kwa jina lake. Kwamba Mpox hupita ngozi kwa ngozi na katika tendo la ndoa. Kwamba mwenye vipele asilale na mtu wala kuazima shuka, aende kituo cha afya. Kwamba wanaofanya kazi na wanaolala katika buati na vyumba vyake ndio wafikiwe kwanza kwa chanjo na dawa, bila matusi. Na kwa mama wa kasiksi mstari wake mwenyewe: aoshe vikombe kwa maji safi na sabuni baada ya kila mteja, na asimruhusu mwenye vipele kugawana kikombe na mwenzake. Mstari huo aliusikia kwangu, akaniuliza sabuni atalipiwa na nani.