Sarafu ya Mtoto Huishia Mfukoni mwa Nani?

Mama mwenzangu, kisa hiki nilisimuliwa hapa Nduguti, wilayani Mkalama, na mama mmoja mwenye duka dogo. Siku moja alimtuma mwanawe wa darasa la tano kusagisha mahindi. Mtoto alirudi jioni na mahindi yake yale yale, akasema foleni ilikuwa ndefu. Mama alipodai pesa za kusagia, mtoto akainamisha kichwa. Sarafu zote zilikuwa zimemezwa na dubwi, ile mashine ya kamari yenye taa za rangi na picha za matunda.

Mama alikasirika, lakini jaribu lake hasa lilikuja wiki iliyofuata. Kijana mmoja alifika dukani kwa pikipiki, akamwamkia kwa adabu. "Shikamoo mama. Tukuwekee mashine moja hapa barazani. Wewe utatoa umeme tu. Kila wiki tunafungua sanduku, tunagawana."

Pesa za alizeti zilikuwa zimekwisha, na Januari ya sare na madaftari ilikuwa inabisha hodi. Baba watoto aliona ni neema. Mama akaomba siku chache za kufikiri.

Kabla ya kusikia alijibu nini, twende mbali kidogo. Maneno ya kijana yule si mapya. Wenye maduka wa Marekani waliyasikia zaidi ya miaka 90 iliyopita.

Senti moja tu

Mwaka 1931, katika mji wa Chicago, David Gottlieb alitoa mashine iliyoitwa Baffle Ball. Ilikuwa meza ndogo yenye kioo juu na misumari ndani. Mchezaji alitumbukiza senti moja, akarusha mipira kwa springi, kisha akatazama itaangukia tundu gani. Mchezo wa namna hii ndio pinboli. Ulikuwa wakati wa shida kubwa ya kazi na fedha, na watu walipenda burudani ya senti moja. Mashine zikaenea katika maduka, baa na vinyozi.

Wakati huo mashine hazikuwa na vile vibao vya kuupigia mpira. Vilianza mwaka 1947. Mchezaji alikuwa na uwezo mdogo wa kuuongoza mpira, na bahati ndiyo iliyoamua mengi. Katika maduka mengi aliyepata alama nyingi alipewa zawadi au fedha. Hapo mchezo uligeuka kamari.

Kwa nini wahalifu waliipenda?

Mwenye mashine na mwenye duka waligawana mapato, mara nyingi nusu kwa nusu. Fedha zenyewe zilikuwa sarafu zisizo na risiti, na hakuna aliyejua ziliingia ngapi. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kuficha kodi, na rahisi pia kuchanganya humo fedha zilizopatikana kwa njia chafu. Magenge ya uhalifu yaliliona hilo mapema.

Frank Costello, kiongozi wa genge la Mafia mjini New York, alikuwa na mashine nyingi za kamari mapema katika miaka ya 1930. Baadhi ya mashine za wakati ule zilitoa pipi, ili zionekane ni za biashara ya pipi tu. Fiorello La Guardia alipokuwa meya wa mji huo mwaka 1934, alizivunja kwa nyundo na kuzitupa majini. Costello akahamishia biashara yake jimbo la Louisiana.

Januari 1942 La Guardia aligeukia pinboli. Alisema inawaibia wanafunzi fedha walizopewa na wazazi kwa chakula cha mchana. Polisi walikusanya mashine kwa maelfu. Mwaka 1959 kamati ya Baraza la Seneti, ambayo mwanasheria wake mkuu alikuwa Robert Kennedy, ilisikiliza ushahidi jinsi magenge yalivyotumia vitisho kuwalazimisha wafanyabiashara wapokee mashine zao na kukataa za wengine.

Mchezo na mtego

Tuseme haki: si kila aliyetengeneza pinboli alikuwa mhalifu. Mwaka 1976 kijana aitwaye Roger Sharpe alicheza mbele ya madiwani wa New York, akasema kwanza mpira utapita wapi, na ukapita hapo. Madiwani wakakubali kwamba sasa huo ni mchezo wa ustadi, wakauruhusu.

Hapo kuna fundisho kwetu. Mtoto kucheza si kosa. Lakini dubwi halina ustadi wowote wa kujifunza. Limepangwa libakize fedha kuliko linavyotoa, na ushindi mdogo wa hapa na pale ndio chambo.

Majirani zetu wamelionja jambo hili. Mwaka 2018 serikali ya Kenya ilikamata mashine nyingi za kamari na kuziteketeza. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, ilizuia kamari kwa walio chini ya miaka 25. Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mashine inatakiwa iwe na leseni, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Maswali matatu

Kijana wa pikipiki aliporudi, mama yule alimuuliza maswali matatu. Leseni ya Bodi iko wapi? Mwenye mashine ni nani? Mtoto akija na sarafu, nani atamzuia? Kijana alisema leseni italetwa. Kuhusu mwenye mashine, alisema bosi yuko mjini. Swali la tatu alicheka tu.

Mama akakataa. Baba watoto alinuna siku mbili, na ilipofika Januari waliuza mbuzi ili wanunue sare. Mashine ilikwenda kwenye baraza la ng'ambo ya barabara. Basi kukataa peke yake hakukutosha. Aliwaeleza akina mama wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, wakaenda pamoja kwa mtendaji wa kijiji kuuliza kama mashine ile ina leseni, na kwa nini watoto wenye sare wanaizunguka.

Mama mwenzangu, nawe unaweza kuuliza hivyo hivyo. Nyumbani, mtume mtoto na kiasi kinachojulikana, na arudipo hesabuni chenji pamoja, bila matusi. Akikosea, mpe nafasi ya kusema kweli. Mtoto anayeogopa kipigo atajifunza uongo, na deni atalificha.

Mtoto wa mama yule bado hutumwa kusagisha. Akirudi, huweka ndoo ya unga chini, kisha hufungua kiganja mwenyewe kabla hajaulizwa.