Safari ya Delhi na Tokyo: Kwa Nini Kurudi Huchelewa?

Abiria aondokaye Delhi saa 2:00 usiku, akasafiri angani kwa saa saba na nusu, hufika Tokyo saa 1:00 asubuhi. Akiondoka Tokyo saa 5:00 asubuhi, akakaa angani saa tisa, hufika Delhi saa 10:30 jioni ya siku ile ile. Kwa kutazama saa za ukutani za miji hiyo, kwenda kumechukua saa 11 na kurudi saa tano na nusu tu. Ukweli ni kinyume. Saa za Japani huitangulia India kwa saa tatu na nusu, kwa kuwa jua huchomoza mashariki kwanza. Fumbo hilo likisha kufumbuliwa, hubaki swali kubwa zaidi: kwa nini masafa yale yale yachukue nyakati mbili mbalimbali?

Kupima masafa

Dunia ni tufe. Rula juu ya ramani bapa hudanganya. Njia fupi kabisa hufuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Delhi iko latitudo 28.6° Kaskazini na longitudo 77.2° Mashariki, Tokyo iko 35.7° na 139.7°. Hesabu ya trigonometria hutoa pembe ya karibu 52.5° baina ya miji hiyo. Mzingo wa dunia ukiwa kilometa 40,000, masafa ni 52.5 ÷ 360 × 40,000, yaani takriban kilometa 5,830.

Milima njiani

Njia hiyo hupita juu ya Himalaya na uwanda wa Tibet, ambao wastani wa kimo chake huzidi mita 4,500. Hewa iliyoshindiliwa ndani ya ndege ikivuja, rubani hana budi kushuka upesi hadi kimo cha mita 3,000 hivi, ambako abiria waweza kupumua bila vifaa. Juu ya Tibet hapana nafasi ya kushuka hivyo, na oksijeni ya dharura hutosha kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo ndege za abiria aghalabu huzunguka upande wa kusini, na njia hurefuka.

Mkondo wa upepo

Katika miaka ya 1920 mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, Wasaburo Oishi, alirusha maputo na kugundua upepo wa kasi kubwa utokao magharibi. Huletwa na tofauti ya joto baina ya tropiki na ncha ya dunia, pamoja na mzunguko wa dunia. Juu ya Japani, wakati wa baridi, kasi yake huweza kuzidi kilometa 300 kwa saa.

Ikichukuliwa kwamba njia ni kilometa 6,400, mwendo wa ndege hewani ni kilometa 900 kwa saa, na wastani wa upepo ni 100, kwenda mashariki kutachukua saa 6 na dakika 24, na kurudi saa 8 kamili. Jumla ni saa 14 na dakika 24. Pasipo upepo, jumla ingekuwa saa 14 na dakika 13. Upepo haulipi deni lake lote, kwa maana ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipingwa kuliko ikisukumwa. Mpangaji wa safari asiyelijua jambo hilo atapakia mafuta pungufu.