Je, Wajua? Ampli ya Zamani Huamshwa Polepole

Umeme wa Mutwanga, mashariki mwa Kongo, hutoka mlimani. Mwaka 2013 Hifadhi ya Virunga ilifungua hapo, chini ya Rwenzori, kituo kidogo cha kilowati zipatazo 400 kinachoendeshwa na maji yanayoteremka kutoka juu. Baadaye vikaja kiwanda cha sabuni na kiwanda cha chokoleti. Wanaousifu umeme wa maji hutaja taa, friji na mashine za kusaga. Mpenzi wa gitaa hutaja jambo jingine: ukisimamiwa vizuri, volti zake hutulia. Jenereta ndogo ya petroli hupumua. Jirani akiwasha pasi volti zinaanguka, akiizima zinaruka, na mashine inayoteswa sana na kupumua huko ni ampli ya gitaa ya valvu.

Katika miji ya karibu ya Beni na Butembo watu husema "ampli", na valvu wanaiita kwa jina la Kifaransa, lampe. Nairobi na Dar es Salaam ni amplifaya, na ni valvu. Kitu ni kilekile, na yeyote aliyewahi kuchungulia nyuma ya redio ya babu yake na kuona chupa za kioo ziking'aa rangi ya chungwa anakijua.

Wanaoiona ampli hiyo kuwa takataka wanasahau deni ambalo muziki wa Kongo unadaiwa nayo. Mwaka 1953 mpiga gitaa Mbelgiji Bill Alexandre alifika Léopoldville kufanya kazi katika studio ya CEFA, akaja na gitaa la umeme. Mwaka huohuo mwimbaji Joseph Kabasele akaanzisha bendi ya African Jazz. OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Transista ilikuwa imekwisha kuvumbuliwa Marekani, Desemba 1947, lakini ampli za gitaa za transista zilikuwa bado hazijaingia sokoni. Kwa hiyo kila solo ya umeme ya Docteur Nico wa African Jazz au ya Franco wa OK Jazz katika miaka ile ya mwanzo ilipita ndani ya chupa za kioo kabla ya kumfikia mchezaji ukumbini. Utamu ule wa noti inayokwaruza kidogo mpigaji anapokaza mkono hauko kwenye gitaa. Valvu ikizidiwa hukata kilele cha wimbi kwa kulilainisha, ilhali transista hulikata kama panga.

Kwa nini basi ampli za valvu ziliachwa? Njaa yake ya umeme ndiyo sababu kubwa. Valvu ya EL34, ambayo ni ya kawaida katika ampli kubwa, hula wati 9 na nusu kwa ajili ya kupasha moto tu, kabla haijatoa hata noti moja. Ampli yenye nne inapoteza karibu wati 38 kama joto tupu. Anayenunua petroli kwa chupa hawezi kuvumilia hesabu hiyo, na ampli ya transista ilipofika ikachukua nafasi bila ubishi. Uzito nao ulichangia. Vox AC30 ya Uingereza, pamoja na spika zake mbili, inapita kilo 30. Familia inayokimbia mashambulizi, kama zilivyokimbia nyingi katika sekta ya Rwenzori tangu mwishoni mwa 2020, hubeba godoro na sufuria.

Sasa mtu anaikuta ampli kama hiyo stoo, imelala miaka 20, ina vumbi na viota vya mende. Jambo la kwanza analofanya ni kuichomeka ukutani aone kama bado nzima. Hapo ndipo inapokufa. Fundi anayeletewa maiti hiyo huambiwa kwamba ilikuwa mbovu tangu zamani, na si kweli: ilikuwa imelala, na imeuawa asubuhi hiyo.

Anayeumia kwanza ni kapasita kubwa ya umeme mkali, ile yenye umbo la kopo. Ndani yake kuna karatasi mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa dawa. Kinachozuia umeme usivuke kutoka karatasi moja hadi nyingine ni utando wa oksidi juu ya alumini, mwembamba kiasi kwamba katika kapasita ya volti 450 haufikii hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ampli inapotumika kila wiki, umeme wenyewe huutengeneza utando huo. Ikilala miaka, dawa huula polepole. Ukiipa volti 400 kwa ghafla, mkondo unavuja kwenye matundu, kopo linapata moto, gesi inajaa, linapasuka. Likipitisha umeme moja kwa moja kama waya, transfoma ya umeme inaungua pamoja nalo.

Lakini mkondo huohuo unaovuja, ukiwa mdogo, ndio unaoponya. Panapovuja, alumini hupata oksijeni kutoka kwenye dawa, na utando unaota upya pale pale penye tundu. Wachache wanalijua hilo, hata miongoni mwa mafundi wa redio.

Fundi mwenye subira huanza kwa kuchomoa valvu zote na kukagua transfoma peke yake. Anaunganisha balbu ya kizamani ya wati 60 au 100 katika njia ya umeme unaoingia. Ndani ya ampli kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo wote yenyewe. Kukiwa salama, inabaki hafifu. Balbu hizo sasa ni za kutafutwa. Umoja wa Ulaya ulianza kuziondoa sokoni mwaka 2009, maduka yamejaa taa za LED, na LED haiwezi kufanya kazi hii. Ukiiona ya zamani dukani Butembo, inunue uiweke.

Kisha huja kapasita. Valvu ya kunyoosha mkondo, GZ34 kwa mfano, haifai kwa hatua hii, kwa hiyo nafasi yake huchukuliwa kwa muda na diodi za silikoni, na kati ya diodi na kapasita huwekwa resista ya kiloohmu 100. Mita inasoma labda volti 80 mwanzoni. Baada ya nusu saa 150, baadaye 250. Utando unavyojifunga, kuvuja kunapungua na volti zinapanda zenyewe bila mtu kugusa kitu. Ni kazi ya saa kadhaa. Kapasita iliyokwama katikati imekauka dawa, hiyo hubadilishwa. Wapo mafundi wanaotupa zote bila kupima, na penye duka zuri la vipuri hoja yao ina nguvu. Lakini kapasita mpya ya volti 450 si kitu cha kuokota Mutwanga. Inauma kukumbuka kwamba sehemu ya tantali ya kapasita ndogo za simu za dunia huchimbwa katika jimbo hilihili la Kivu Kaskazini, huko Rubaya, Masisi, na hapa kipuri kimoja kinasubiriwa wiki nyingi.

Tahadhari moja haina mjadala. Ampli iliyochomolewa bado inaweza kubeba volti 400 ndani ya yale makopo. Umeme huo humwagwa kwa resista, haumwagwi kwa bisibisi, na mkono mmoja hukaa mfukoni. Waya wa zamani wenye pini mbili hubadilishwa uwe na wa ardhi, na ardhi hiyo iwe ya kweli, chuma kilichozikwa. Wanamuziki wetu wamezoea kutekenywa mdomo na maikrofoni na kucheka. Mpiga gitaa Les Harvey aliuawa na maikrofoni isiyo na ardhi jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972.

Yanayobaki ni mepesi zaidi. Ule mng'ao wa fedha ndani ya kichwa cha valvu ni bariamu inayonasa hewa iliyobaki; ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekwisha. Kapasita za karatasi zinazoelekea kwenye valvu za mwisho zikivuja, bamba la valvu huwa jekundu kama kaa la moto, na hapo ni kuzima mara moja. Ampli isiwashwe bila spika, kwa sababu transfoma ya kutoa sauti inaungua.

Transfoma hiyo ndiyo hazina, na ndiyo inayouzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa shaba. Ni hasara ya kipumbavu. Valvu bado zinatengenezwa, Čadca huko Slovakia, Saratov huko Urusi, na China, ijapokuwa vikwazo vya 2022 vilionyesha jinsi uzi huo ulivyo mwembamba. Transfoma ya miaka ya 1960 ikishayeyushwa imekwenda, na bei ya kilo chache za shaba haitanunua nyingine.

Ikishaamka, ampli hiyo inafaa kwa solo na rithim, kwaya ndogo ya kanisani, kinanda cha umeme, likembe lenye maikrofoni ya kuchonga kama za Konono N°1 wa Kinshasa, kurekodi chumbani. Kwa besi itafutwe kubwa zaidi.